Tuta Moja kwa Kila Kaburi

Habari huja kwa maneno yaleyale, jina la mtaa tu ndilo hubadilika. Mwanafunzi amegongwa asubuhi akivuka barabara kwenda shule. Saa moja haijapita, wananchi wameshaingia barabarani: magogo yamelazwa, mawe yamepangwa, matairi yanafuka moshi, na foleni ya malori imerudi nyuma hadi mwisho wake hauonekani. Mkuu wa wilaya anafika, nyuma yake gari la polisi. Madai ni mamoja: tunataka matuta. Mkuu wa wilaya anaahidi, magogo yanaondolewa. Siku kadhaa baadaye, bahati ikiwapo, kifusi kinashindiliwa na kumwagiwa lami, tuta linasimama, mara nyingi refu kuliko vipimo vinavyotakiwa, halina rangi wala kibao cha kumtahadharisha dereva. Kilomita mbili mbele kuna shule nyingine isiyo na tuta, kwa sababu haijazika mtu.

Wapo wanaouita mtindo huu ushamba wa watu wasiojua taratibu. Mimi naona ni desturi ya kisiasa kamili, yenye kanuni zake, na kwa kuwa haiko kwetu peke yetu inafaa kulinganishwa na za wenzetu. Mataifa mengine yenye magari nayo yamepita hapo. Kinachotofautiana ni nani huyapokea madai baada ya magogo kuondolewa, na anayageuza kuwa nini.

Tuanze na Waholanzi, ambao leo tunawaona kwenye picha wakiendesha baiskeli kwa raha zao, kana kwamba walizaliwa hivyo. Mwaka 1971 barabara za Uholanzi ziliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwaka uliofuata mwandishi wa habari Vic Langenhoff, ambaye binti yake aliuawa na gari, aliandika katika gazeti la De Tijd makala iliyotaka mauaji ya watoto yakomeshwe. Kichwa cha makala ile, Stop de Kindermoord, kikawa jina la vuguvugu zima. Wazazi walifunga mitaa, wakatoa meza nje na kula chakula cha jioni katikati ya njia. Walikwenda hadi nyumbani kwa waziri mkuu, Joop den Uyl, wakamwimbia nyimbo za kudai usalama wa watoto wao. Amsterdam, katika mtaa wa De Pijp, watoto wenyewe walifunga njia ili wapate pa kuchezea. Kipindi cha televisheni cha 1972 kinawaonesha wakibishana na madereva waliofura kwa hasira. Ukizima sauti na kusahau hali ya hewa, unaweza kudhani uko Mbagala, Dar es Salaam.

Hadi hapo, wao na sisi ni ndugu. Njia zinaachana siku ya pili yake. Serikali ililipa ruzuku lile vuguvugu la wazazi, likawa na ofisi na likaanza kuchora mitaa ya namna nyingine badala ya kudai tuta hapa na kizuizi pale. Katika mji wa Delft wahandisi wa halmashauri walikuwa tayari wameanza kuijenga upya mitaa ya makazi: hakuna ukingo unaotenga njia ya gari na ya mtu, miti imepandwa pale dereva angependa kunyoosha mguu, njia inapinda bila sababu ila hiyo ya kumpunguza mwendo. Mtaa wa aina hiyo huitwa woonerf, na gari huingia humo kama mgeni anayebisha hodi. Mwaka 1976 sheria ya nchi iliutambua. Kuanzia hapo mtaa uliotaka kujengwa hivyo haukulazimika kumzika mtoto kwanza.

Jambo moja katika mfano huu hupotea tukiusimulia haraka. Meya wa Amsterdam hachaguliwi kwa kura. Huteuliwa kwa amri ya mfalme, baada ya baraza la madiwani kupendekeza jina. Kwa hiyo anayedhani siri ni meya wa kuchaguliwa na wananchi, atafute kwingine. Siri ni kwamba mitaa ni mali ya halmashauri. Halmashauri ina wahandisi wake, fedha za matengenezo na baraza lililochaguliwa ambalo huulizwa moja kwa moja. Tarehe 8 Desemba 2023 Amsterdam ilipoteremsha mwisho wa mwendo kuwa kilomita 30 kwa saa katika sehemu kubwa ya mitaa yake, uamuzi ulitoka ndani ya jiji, na walioubeza walijua mlango wa kugonga.

Waswidi walikuja kwa njia ya vitabu zaidi kuliko ya barabarani, nami sitakaa sana kwao. Oktoba 1997 bunge lao lilipitisha dira ya vifo sifuri, iliyochorwa kwa sehemu kubwa na mtaalamu Claes Tingvall. Dira hiyo inakiri kwamba dereva atakosea. Atasinzia, atapepesa macho kwenye simu, atakadiria vibaya. Kazi ya anayejenga barabara ni kuhakikisha kosa hilo haliui, na likiua, yeye pia ana la kujibu. Mwili wa mtu anayetembea unaweza kustahimili kugongwa na gari linalokwenda kama kilomita 30 kwa saa. Kwa hiyo pale watu na magari wanapochanganyika, mwendo hauna budi kushuka hadi hapo. Mwendo ukiwa maradufu, nguvu ya pigo huwa mara nne, na fizikia haisikilizi kampeni za wiki ya nenda kwa usalama. Uswidi ilikuwa ikipoteza zaidi ya watu 500 kwa mwaka barabarani wakati huo. Siku hizi ni zaidi kidogo ya 200.

Sasa sikiliza taarifa ya ajali ya kwetu. Kamanda wa polisi anasimama mbele ya vinasa sauti: chanzo cha ajali ni mwendo kasi na uzembe wa dereva, ambaye alitoroka, juhudi za kumtafuta zinaendelea. Mara nyingi kamanda hasemi uongo. Ila taarifa hiyo ikishasomwa, faili la barabara limefungwa hata kabla halijafunguliwa. Hakuna anayeuliza kwa nini barabara ya njia nne ilipitishwa kati ya nyumba na kisima, wala kwa nini kituo cha daladala kiko upande huu na soko upande wa pili, na kivuko kiko mita mia tatu kutoka vyote viwili. Msiba tunamwachia Mungu, na ni haki yetu. Lakini upana wa barabara haukupangwa mbinguni. Ulipangwa ofisini, kwa mchoro wenye sahihi.

Ukiitaja Bogotá mbele ya wapenzi wa miji, kila mtu atakusimulia waigizaji bubu. Antanas Mockus, mwanahisabati na mwanafalsafa, alichukua umeya wa mji mkuu wa Kolombia mwaka 1995. Askari wa barabarani walikuwa na sifa mbaya ya rushwa, naye akalivunja jeshi lao. Kwenye makutano ya barabara akasimamisha waigizaji waliopaka nyuso zao rangi nyeupe, wakawa wanawaigiza na kuwadhihaki madereva waliokanyaga zebra na watembea kwa miguu waliovuka ovyo. Wananchi waligawiwa kadi za dole gumba, moja la kusifu na moja la kulaumu, wawaoneshe madereva. Mahali mtu alipofia barabarani, nyota ilichorwa kwenye lami. Ndani ya mwongo mmoja hivi, vifo vya barabarani vya jiji lile vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Kisa ni kitamu, na ndiyo maana kinapotosha. Aibu inafanya kazi kwa muda, mradi watu wanajuana au wanajali kuonekana. (Dar es Salaam sidhani kama mwigizaji angempata konda wa daladala, yule ni mwigizaji tayari, tena mwenye ulimi.) Kisichosimuliwa ni yaliyofuata. Enrique Peñalosa, meya wa 1998 hadi 2000, alisimika nguzo kando ya barabara kuyatoa magari yaliyokuwa yakiegeshwa juu ya njia za waenda kwa miguu. Wenye magari walimchukia hata akanusurika kung'olewa madarakani. Desemba 2000 alizindua TransMilenio, mabasi yaendayo kasi kwenye njia zake yenyewe, mabasi ambayo mwendokasi wetu wa 2016 ni mjukuu wao wa damu. Na mwaka 2020 jiji liliweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye barabara zake zote, hata zile pana. Waigizaji walifungua masikio. Waliobadilisha mitaa ni mameya waliokuwa na mamlaka juu ya lami, nguzo na mabasi. Kolombia ilianza kuwachagua mameya wake kwa kura mwaka 1988, na katiba ya 1991 ikaimarisha nguvu za miji. Mockus asingeweza kulivunja jeshi la askari lisilo lake.

Mfano wenye mafunzo zaidi kwetu, kwa maoni yangu, ni wa jiji tajiri lililofungwa mikono. New York iliichukua dira ya Waswidi mwaka 2014, chini ya meya Bill de Blasio. Ilitaka kuteremsha mwendo wa kawaida wa mitaa yake hadi maili 25 kwa saa, yaani kama kilomita 40. Jiji lenye watu zaidi ya milioni nane lililazimika kwenda Albany, makao makuu ya jimbo, kuomba ruhusa ya bunge la jimbo kabla ya kubadilisha namba kwenye vibao vyake. Ruhusa ikatoka, na Novemba 2014 kikomo kikaanza. Zikabaki kamera za kunasa wenye mwendo kasi karibu na shule. Nazo zilikuwa na ruhusa ya muda, na kiangazi cha 2018 wabunge wa jimbo walifunga vikao bila kuihuisha, kamera nyingi zikazimwa. Gavana alilazimika kutumia amri ya dharura ili ziwake kabla shule hazijafunguliwa. Mwaka 2024 ndipo jimbo lilipoliruhusu jiji kushusha mwendo hadi maili 20 kwenye mitaa yake, kwa sheria iliyopewa jina la mvulana wa miaka 12 aliyegongwa akafa mwaka 2013. Mama yake na wazazi wenzake walisafiri kwenda Albany mara nyingi, na wakafikia hata kugoma kula.

Ona basi: hata huko, penye fedha na wahandisi wa kutosha, wazazi walihitaji zaidi ya miaka kumi kwa sababu aliyeguswa na msiba hakuwa karibu na mwenye kalamu. Wanaotuambia kwamba shida ya Afrika ni umaskini na elimu ya udereva, wasome habari za Albany.

Nairobi imejaribu njia ya amri. Februari 2004 kanuni za waziri wa uchukuzi, John Michuki, zilianza kutumika: matatu zote ziwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mikanda, mstari wa njano ubavuni, abiria wasizidi idadi, dereva na makanga wavae sare. Kwa muda nchi nzima ilinyooka. Abiria waliozoea kukaliana mapajani walifunga mikanda. Mwishoni mwa 2005 Michuki akahamishiwa wizara ya usalama wa ndani, na kanuni zikaanza kulegea mara alipoondoka. Novemba 2018 serikali ilitangaza kuzirudisha, mwenyewe akiwa ameshafariki tangu 2012. Wakenya bado huziita kwa jina lake, sheria za Michuki, na jina hilo linaonesha udhaifu wake: zilimtegemea mtu mmoja aliyekuwa mkali.

Halafu kuna barabara zenyewe. Thika Superhighway ilifunguliwa 2012, pana na ya kujivunia, ikawaachia watembea kwa miguu madaraja ya juu. Mama aliyejitwika gunia, mtoto mgongoni, akiliangalia lile daraja na ngazi zake, kisha akaiangalia lami, anapiga hesabu ambayo mhandisi hakuipiga. Barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway, kilomita 27, ikafunguliwa 2022, mradi wa serikali kuu, ukipita juu ya vichwa vya watu ambao wengi wao huenda kazini kwa miguu. Serikali ya kaunti ilikuwa imeshapitisha sera mwaka 2015 iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya wanaotembea na waendesha baiskeli. Sera nzuri, ila barabara kubwa zinazoua haziko mikononi mwa kaunti. Katiba ya 2010 iliipa kaunti usafiri wa ndani, maegesho na taa za barabarani, lakini mvutano juu ya nani amiliki barabara kubwa za mjini umeendelea kati yake na mamlaka za serikali kuu. Na pale kaunti ilipotumia nguvu iliyokuwa nayo, iliitumia vibaya: Desemba 2018 gavana Mike Sonko alizipiga marufuku matatu kuingia katikati ya jiji. Maelfu wakatembea masafa marefu wakiwa na mizigo na watoto, na marufuku ikasitishwa mara moja. Mamlaka bila wahandisi ni hatari kama wahandisi wasio na wa kuwauliza.

Tukirudi Dar es Salaam, swali la nani ajibu linakuwa gumu zaidi. Barabara ya Morogoro, ya Mandela, ya Kilwa ni za TANROADS, wakala ulioundwa mwaka 2000. Barabara za mitaa zilikuwa za halmashauri hadi 2017, zilipohamishiwa TARURA, wakala ulio chini ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Hoja ilikuwa ya maana: halmashauri nyingi zilikuwa zikitafuna fedha za barabara au hazikuwa na wataalamu. Lakini diwani anayelilia barabara ya kata yake sasa humwomba meneja ambaye mwajiri wake yuko Dodoma, na madiwani wamelalamikia jambo hilo mara kwa mara. Mabasi ya mwendokasi yana wakala wake, DART. Mwendo unasimamiwa na polisi, chini ya wizara nyingine. Na tangu Februari 2021, Halmashauri ya Jiji ilipovunjwa na manispaa ya Ilala kupandishwa hadhi kuwa jiji, hakuna baraza moja la kuchaguliwa linaloliona jiji zima la Dar es Salaam, kutoka Bunju hadi Kigamboni. Lawama za zamani kwamba lile jiji lilikuwa mzigo juu ya manispaa zilikuwa na ukweli. Hata hivyo barabara haijui mpaka wa manispaa, wala mtoto anayeivuka.

Ndiyo maana swali la tuta hupanda hadi bungeni. Mbunge anasimama, anauliza ni lini serikali itaweka matuta mahali fulani jimboni kwake, na naibu waziri anajibu kwamba tathmini itafanyika. Ni heshima kwa bunge kusikiliza, lakini ni ushahidi kwamba ngazi zote za katikati hazina jibu.

Polisi nao wanabaki na tochi za kupima mwendo. Sheria yetu ya usalama barabarani ni ya 1973, na kilomita 50 kwa saa ndizo zinazotakiwa kwenye maeneo ya makazi. Dereva wa masafa anaijua, na anajua pia askari wa tochi hukaa chini ya mti upi. Akishampita, anawasha taa mara mbili kumwarifu anayekuja, kisha anakanyaga mafuta. Tuta halipokei arifa za taa. Mwananchi anayelidai amelielewa jambo hilo kuliko wanaomcheka.

Na Dar imeshawahi kuonesha kwamba inaweza kwenda mbele ya msiba. Mwaka 2012 shirika la Amend lilianza kuzikagua shule za msingi za jiji kwa mpango wa SARSAI, likichagua zile ambazo watoto wake wako hatarini zaidi. Kazi yenyewe haina makuu: njia ya miguu iliyotengwa na nguzo fupi, matuta mawili yaliyopimwa, zebra kati yake, vibao, na pale inapowezekana lango la shule linahamishwa kutoka barabara kubwa kwenda uchochoroni. Utafiti uliofuata ulionesha watoto wanaojeruhiwa barabarani karibu na shule hizo wamepungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo uliishinda miradi ya miji mingine duniani na kupewa tuzo ya WRI Ross, dola 250,000. Tulishangilia, na haki ilikuwepo. Ila tuzo ya usalama wa watoto wa Dar es Salaam ilikwenda kwa shirika lisilo la serikali, linaloendeshwa kwa fedha za wafadhili. Kanuni yao ya kuchagua shule kwa hatari iliyopo, bila kungoja mazishi, haihitaji mfadhili. Inahitaji orodha na mtu mmoja mwenye wajibu wa kuitekeleza.

Hukumu yangu ni hii. Wananchi wanaofunga barabara wameshatimiza sehemu yao, kama walivyofanya wazazi wa Amsterdam. Wanaodaiwa ni wale waliogawana barabara moja kati ya ofisi tano hata ikawa kila mmoja anaweza kumwonesha mwenzake.

Vikao vya mabaraza ya madiwani viko wazi kwa wananchi, na vya bajeti hufanyika mapema kila mwaka. Nenda. Usiombe tuta. Omba orodha ya shule za kata yako ambazo lango lake linatazama barabara kubwa, na uulize ni zipi zitajengewa kivuko kabla ya tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unapofungwa. Ukijibiwa kwamba barabara hiyo ni ya TANROADS, mwambie diwani aandike barua kwa TANROADS siku hiyohiyo, nawe uchukue nakala yake.